Rangi ya Kupenya kwa Sakafu ya Mbao: Somo kutoka Eldoret

Sisi watu wa Pwani sakafu zetu ni za chokaa, saruji au vigae. Mbao tunaziweka kwenye milango, madirisha na majahazi. Lakini ukipanda bara hadi Eldoret, mji ulio mwinuko wa takriban mita 2,100, mambo hubadilika. Usiku ni baridi, saruji huuma nyayo, na mwenye uwezo hutandika mbao. Mji huo, ulioanzia kwenye shamba nambari 64 hata watu wakauita Sisibo, uko karibu na misitu na viwanda vya mbao.

Ndugu yangu mmoja alihamia huko kikazi na kununua nyumba ya zamani yenye sakafu ya mvule. Akataka iwe nyeusi kama kahawa. Fundi akaimwagia rangi, akaiacha ikauke bila kuipangusa, akidhani ndivyo itakavyokolea. Wiki nzima baadaye rangi ilikuwa bado inanata. Nyayo za watoto zikawa nyeusi, na pindo za kanzu vilevile. Ndugu yangu alilipa mara mbili: kupaka, kisha kukwangua. Kwa vile wengi wetu tuna jamaa bara, tena hata huku nyumba za mbao zinarudi, naona tulieleze jambo hili vizuri.

Rangi hii ni nini?

Rangi ya kupenya, ambayo mafundi huiita steni, si rangi ya ukutani. Ya ukutani hukaa juu kama ngozi. Hii ni nyepesi, huingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuacha mistari yake ionekane. Kazi yake ni kubadilisha sura tu. Haizuii maji wala mikwaruzo, kwa hiyo nyingi huhitaji vanishi juu yake. Kila kinachobaki juu bila kupenya ni hasara, maana hakikauki vizuri na vanishi haikishiki.

Jiulize kwanza kama unaihitaji. Mvule mbichi ni wa manjano, lakini mwanga huugeuza hudhurungi wenyewe. Ukiwa na subira, huenda vanishi tupu ikatosha.

Matayarisho

Hapa ndipo kazi ilipo. Ondoa vanishi ya zamani yote kwa mashine ya msasa. Anza na msasa mkali wa namba 40, kisha 60, 80, umalizie na 100. Usiende mbali sana, kwani msasa laini mno hufunga vinyweleo na rangi haiingii. Pembeni mwa ukuta, ambako mashine haifiki, malizia kwa msasa wa namba ileile. La sivyo utapata fremu ya rangi tofauti kuzunguka chumba kizima.

Jaribu kwa tone la maji. Likinywewa, mbao ziko wazi. Likisimama juu kama shanga, bado kuna vanishi au nta.

Jihadhari na mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi ambao mafundi huzibia nyufa. Gundi hainywi rangi. Ikibaki juu ya mbao huacha madoa meupe, kwa hiyo ikwangue yote. Usitumie sufi ya chuma pia, kwa sababu vipande vyake vikikutana na unyevu kwenye mbao zenye tanini huacha madoa meusi.

Fyonza vumbi, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Mbao ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 12 au karibu na hapo. Eldoret, miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mizuri. Wakati wa mvua, na kwa baridi ya usiku, rangi huchelewa kukauka. Mbao zinazotoka Pwani zikae chumbani siku kadhaa kabla ya kupigiliwa, maana hewa kavu ya huko huzinywesha na nafasi hufunguka.

Kupaka

Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao zilezile, kilichopigwa msasa uleule. Rangi iliyo kwenye kibandiko cha kopo si ahadi.

Koroga kopo hadi chini, kwani rangi hutuama. Anzia kona ya mbali, uelekee mlangoni. Paka kwa tambara au brashi kufuata nyuzi za mbao, mbao mbili au tatu kwa wakati mmoja, kutoka ukuta hadi ukuta. Usisimame katikati, maana pale rangi mbichi inapopandia iliyokauka hutokea mstari usiofutika. Ni kazi ya watu wawili: mmoja apaka, wa pili amfuata baada ya dakika 5 hadi 15 akipangusa ziada yote. Ukitaka ikolee, ngoja ikauke, kisha urudie mkono wa pili. Usiiache nzito.

Fungua madirisha. Ngoja saa 24, na kwenye baridi ngoja zaidi. Pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka kisafi, tia vanishi mikono miwili au mitatu.

Matambara yanaweza kuchoma nyumba

Hili wengi hawalijui. Rangi ya mafuta, hasa yenye mafuta ya mbegu za kitani, hutoa joto inapokauka. Matambara yakirundikwa, joto hukosa pa kutokea, na baada ya saa chache huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yaanike nje moja moja hadi yakauke na kukakamaa, au yatumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji. Usiyaache chumbani usiku, wala usiyafungie kwenye mfuko wa taka.

Basi ukielewana bei na fundi, muulize maswali mawili kabla hajafungua kopo: nani atapangusa, na matambara utayaweka wapi? Akikosa majibu, tafuta mwengine.