Puppy Linux, kompyuta ya nyumbani na historia yetu

Mimi niko likizo nyumbani Songea, na leo nina stori ya kompyuta kuukuu, ila ndani yake kuna historia.

Nyumbani tuna desktop ya Pentium 4, RAM 512 MB, Windows XP. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na tangu hapo mashine ikawa ya kufuga vumbi na virusi vya kwenye flashi. Mama keshasema iuzwe kama chuma chakavu. Lakini mdogo wangu yuko kidato cha nne, anaitaka achapie notisi zake. Nikaomba siku mbili.

Nikachoma CD ya Puppy Linux. Mfumo huu aliuanzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Ujanja wake ni kwamba wote unapakiwa kwenye RAM, kwa hiyo hata mashine nzee inakwenda mbio. AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya mahesabu zilikuwemo tayari. Dogo akaanza kazi jioni ile ile.

Linux yenyewe ilianza mwaka 1991, Linus Torvalds akiwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwanafunzi kama mimi na wewe! Aliiacha wazi, wengine wakaongeza yao. Klaus Knopper wa Ujerumani akatoa Knoppix mwaka 2000, inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye CD. Kutokana na hiyo ikazaliwa Damn Small Linux, MB 50 tu.

Na sisi je? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux, wakishirikiana na IT+46 ya Sweden, wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu ni programu huria: hakuna wa kumpigia magoti akupe ruhusa ya kuitafsiri.

Sasa msidhani mambo yalikuwa mteremko. Siku ya pili dogo kaandika kurasa tatu za Historia, na kasevu kabisa, mara umeme ukakatika. Kumbe kila kitu kilikuwa kwenye RAM, hata alichosevu! Puppy hukuuliza unapoizima kwa mara ya kwanza kama ikutengenezee faili la kuhifadhia kazi kwenye diski. Sisi tulikuwa hatujaizima hata mara moja. Dogo alilia, na kosa lilikuwa langu. Umeme uliporudi nikatengeneza lile faili, tukachapa upya pamoja mpaka usiku.

Mama alipita, akasoma ukurasa mmoja kwenye kioo, akasema basi, haiuzwi.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine kuukuu nyumbani, usiitupe kwanza. CD moja tu. Ila ukishawasha, zima kwanza, tengeneza faili la kuhifadhia, ndipo uandike. Mimi nimeshakulipia ada ya somo hilo.

Tuko pamoja.