Doti Isiyokatwa

Historia ya kanga kwa kawaida huandikwa kwa kumfuata mvaaji: nani aliivaa, aliifunga vipi, na jina, yaani msemo, lililoandikwa juu yake lilimlenga jirani gani. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine imo ndani ya kasha. Kanga nyingi zimekaa humo muda mrefu kuliko zilivyokaa mwilini, na nyingine hazikuvaliwa kabisa na aliyezinunua. Ninashikilia kwamba kwa wanawake wa pwani, tangu mwisho wa karne ya 19, kanga imekuwa mali ya kuwekwa kama ilivyokuwa vazi, na kwamba namna ilivyowekwa ndiyo inayotueleza kwa nini mpaka leo inauzwa vile inavyouzwa.

Neno doti lenyewe ni ushahidi. Kabla ya kuwa jina la kanga mbili pacha, lilikuwa kipimo cha malipo. Katika njia za misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kitambaa kilifanya kazi ya fedha, na kilichotangulia vyote kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830. Shuka moja ilikuwa mikono 4, na shuka 2 zilifanya doti. Richard Burton, aliyepita njia hizo kati ya 1857 na 1859, aliviandika vipimo hivi kwa urefu, kwa sababu msafiri asiyevijua hakuweza kulipa hongo, yaani ada ya kupita, wala kununua chakula. Kwa hiyo kanga ilipoanza kuuzwa kwa doti, haikubuniwa desturi mpya. Mnunuzi alikuwa anapokea kitu ambacho babu na bibi zake walikijua kama thamani inayohesabika.

Ushahidi wa pili ni mkasi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kwa kununua leso za mraba zilizochapwa rangi, wakaziunga 6 kwa sindano, safu 2 za leso 3, wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wa Kihindi waliagiza nguo nzima iliyochapwa tayari kutoka viwanda vya ng'ambo, Uholanzi na Uingereza, kisha India na Japani. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zimebeba alama ya Mali ya Abdulla, ni miongoni mwa waliojenga biashara hiyo. Lakini angalia: kiwanda kilimaliza kazi ya kuunga, kikaacha kazi ya kukata. Doti hutoka dukani ikiwa kipande kimoja, kanga mbili bado zimeshikana. Mwenyewe ndiye anayeikata na kuipinda. Mtu angeweza kusema huo ni uvivu wa kiwanda au njia ya kupunguza gharama. Gharama huenda ikawa sababu ya kuanza, ila haielezi kwa nini wateja, ambao kwa rangi na maneno walijulikana kwa kukataa mzigo usiowapendeza, hawakudai kanga zilizokwisha kukatwa na kupindwa. Hawakudai kwa sababu doti isiyokatwa ni doti kamili. Inaweza kupelekwa arusini, kwa mzazi, kwa kungwi, au kurudi sokoni. Ikikatwa, imekwisha kuwa nguo ya mtu.

Kisha yako mazingira ya kisheria, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria 1897. Mwanamke mtumwa alikuwa akivaa merikani au kaniki, na mavazi hayo yalimtangaza hata kabla hajafungua kinywa. Uhuru ulipokuja, wengi wao hawakupata shamba wala nyumba. Walichoweza kununua kwa ujira mdogo, kidogo kidogo, kilikuwa kanga. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, mume hana haki nayo, na kanga zilizokunjwa ndani ya sanduku lenye ufunguo ni mali inayoonekana wazi ni ya nani. Wanahistoria wamesisitiza, kwa haki, kwamba kanga ilimpa mwanamke aliyekombolewa sura mpya hadharani. Mimi naongeza kwamba ilimpa pia hazina nyumbani, na ya pili ilidumu hata siku ambazo hakutoka.

Pingamizi la kwanza ni la haki: makasha yenyewe yalikuwa ya matajiri. Ni kweli. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, anayaeleza makasha ya mbao nzuri yaliyopambwa misumari ya shaba isiyohesabika, yenye droo na mahali pa siri pa kuwekea fedha na vito. Hayo tunayoyaita leo ya Unguja yalitoka ng'ambo, Surat, Bombay na Uajemi, na mtu wa kawaida hakuyamudu. Lakini desturi haikutegemea misumari. Ilishuka kwenye sanduku la bati, kapu lenye kifuniko, baadaye kabati, na kote huko kazi ilibaki ile ile: kukunja, kupanga, kufukiza kwa udi katika chetezo, kutia asmini au mrehani kati ya nguo. Pwani ina unyevu na ina wadudu. Kanga iliyosahauliwa huota kuvu, hivyo hazina hii ilidai mkono wa mwenyewe mara kwa mara, na kila alipozianika alizikagua na kuzihesabu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Dhahabu haiozi, basi kwa nini tuiite pamba akiba? Jibu ni kwamba dhahabu haigawiki kirahisi. Bangili huiuzi nusu ili umfariji mfiwa. Doti ilikuwa akiba ya kiasi cha shida zenyewe: mtoto akizaliwa hupokelewa kwa kanga, mwanamke akifa husitiriwa kwa kanga anapooshwa, na arusi haina subira ya kumngojea sonara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka ya Tanzania yalipokuwa matupu na hata Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam 1968 kwa msaada wa China, hakikutosheleza mahitaji, aliyekuwa na doti kabatini alikuwa na kitu ambacho shilingi mkononi haikununua.

Kuna hasara moja ambayo hoja hii haiwezi kuifuta. Kanga huchapwa kwa toleo, jina hubadilika na pindo hubadilika, na toleo lililopita ni nadra kurudi. Makumbusho, kama ile ya Uingereza jijini London, zimekusanya baadhi, lakini mpangilio mzima wa mwanamke mmoja, kutoka kisutu cha arusi yake hadi doti ya mwisho aliyoinunua, huvunjika baada ya msiba wake, wakati kasha linapofunguliwa na kanga kugawiwa binti, mashoga na jirani. Hiyo ndiyo kazi ziliyowekewa, na ndiyo sababu kumbukumbu hii haipo mahali pamoja pa kusomwa.