Kabla Kete Hazijaingia

Ijumaa moja usiku, juu ya paa la nyumba moja Kibokoni, nilidanganya.

Tulikuwa watano tukicheza Dungeons & Dragons. Mimi ndiye msimulizi: nawaambia wenzangu kuna nini nyuma ya mlango, na nawarushia mazimwi dadu zao. Mmoja wetu alikuwa mgeni, siku yake ya kwanza. Saa nzima alikaa kimya, halafu mhusika wake, baharia kutoka Pate, akaanza kumtoa haya. Akawa anacheka, anabishana, anapanga vita. Hapo zimwi likamrukia. Nikarusha dadu lenye nyuso 20 nyuma ya kadibodi yangu, likatoka 20, pigo baya kuliko yote. Kwa uhai aliobakisha, kwaheri baharia.

Nikaliziba kwa kiganja. "Tatu," nikasema. "Limekukosa."

Rafiki yangu aliyekaa kushoto kwangu aliona. Pale hakusema kitu. Tuliposhuka ngazi ndipo akaniuliza, "Sasa kama wewe ndiye waamua, sisi twarusha dadu za nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi na sheria hatuelewani sana. Chuo niliacha mwaka wa pili, ada ilipochelewa wiki moja nikafungiwa mtihani. Tangu hapo kila sheria inayopindwa kumnusuru mtu, mimi naipigia makofi. Lakini swali lile lilinikaa kooni.

Jibu nililipata barazani, mbele ya bao.

Ukipita Mji wa Kale jioni bado utawakuta wazee wakicheza. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, kwa kawaida komwe. Ni mchezo wa siku nyingi hapa. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa enzi za Mazrui, aliuingiza kwenye ushairi wake. Mazrui waliupoteza mji kwa Seyyid Said mwaka 1837. Bao halikuenda popote.

Bao la kiswahili, lile la mabingwa, halina huruma. Waanza na kete 10 tu upande wako: sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki waziingiza moja moja, na hiyo ndiyo namua. Zikiisha, ndipo mwaingia mtaji. Ukila, na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, waamua mwenyewe: ulale ama uende safari. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, aliwafuata mabingwa wa Zanzibar kuona wanavyopiga hesabu hizi zote kichwani, akatoa kitabu kizima mwaka 1995.

Sasa mkalishe mtoto wa miaka minane mbele ya hayo yote. Atakimbilia mpira, na ana haki.

Ndiyo maana kuna bao la kujifunza. Kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo, mbili kila shimo. Hakuna namua, hakuna kete za mkononi. Ubao ni ule ule, kula ni kule kule, ila mlango umepanuliwa mtu apite. Ng'ambo kule Oman kuna ndugu yake, hawalis, mashimo 28, nao pia huanza mbili mbili. Hata Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, waliwaambia wanunuzi katika vijitabu vyao vya kwanza kwamba wabadilishe watakacho.

Nikafurahi. Nikamwambia ami mmoja anayenifundisha bao, "Kumbe hata nyinyi mwapinda sheria!"

Hakuinua macho. "Mwanangu, la kujifunza twakubaliana kwanza, kete hazijaingia. Mtoto ajua acheza lipi, na mimi najua. Ukibadilisha katikati na mwenzio hajui, huo ni wizi. Hata kama wamuibia ili umpe yeye mwenyewe."

Kisha akanifunga mkononi, kete zangu za namua hata hazijaisha. Sikuomba anihurumie.

Ijumaa iliyofuata nikawaeleza wote: lilikuwa 20, si tatu. Nilidhani mgeni atanishukuru. Alikasirika kuliko wote.

"Kwa hivyo wiki nzima nimetamba kwa ushindi ambao ulinipa wewe?"

Tukakaa kimya. Chini mtu alipita na pikipiki. Mwisho rafiki yangu wa kushoto akapendekeza: mhusika wa kwanza wa mgeni yeyote, kwa siku tatu za mwanzo, akipigwa azirai, asife. Iwe wazi, isemwe kabla dadu halijaguswa. Tukapiga kura, tukapitisha. Tukamuuliza mgeni kama angependa sheria hiyo imuokoe baharia wake.

Akafikiri. "Hapana. Hiyo ni ya watakaokuja. Mimi lilitoka 20."

Basi baharia wa Pate akafa, akiwa amechelewa wiki moja. Tulimzika baharini, kwa dua na vicheko. Kisha mgeni akavuta karatasi mpya, akaomba kalamu.

Ile kadibodi siku hizi naiacha nyumbani. Dadu nalirusha katikati ya mkeka, kila mtu aone.