Nani Anasoma Siri Zako? Historia Fupi ya Ushauri Nasaha Mtandaoni

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi za wateja zilinibana. Leo nimerudi na kisa ambacho kimenifanya nifukue historia kidogo.

Juzi rafiki yangu wa tangu shule ya upili alinipigia simu. Yeye yuko Eldoret, mkewe anafanya kazi Mombasa, na ndoa imeanza kuyumba. Wanataka mshauri nasaha. Kwa mchungaji hawataki kwenda, kwa wazee hawataki pia, maana habari ingewafikia jamaa wote kabla ya jua kutua. "Wewe ndiwe mtu wa tarakilishi," akaniambia. "Tutafutie mahali mtandaoni."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Kumbe! Tovuti ni nyingi ajabu: za wachumba, za wanandoa, za familia nzima, za mtu mmoja mmoja. Kila moja inaahidi siri. Nami, kwa sababu ya kazi yangu, nilikuwa na swali moja tu: watakayoandika, nani mwingine atayasoma?

Swali hilo nalijua vizuri. Nilipokuwa nikianza kazi hii niliajiriwa na shirika moja (sitalitaja) kutengeneza fomu ambapo watu wangeandika matatizo yao ya nyumbani ili wajibiwe na washauri. Niliiandika kwa PHP, maneno yakaingia kwenye hifadhidata jinsi yalivyo, bila kufichwa kwa namna yoyote. Siku moja fomu ikaharibika. Nikafungua jedwali nitafute kosa, na macho yakaangukia habari za mama mmoja na mumewe. Jina lilikuwepo, nambari ya simu ilikuwepo. Mama yule aliambiwa kuwa ni mshauri pekee ndiye angesoma. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kijana wa PHP. Nilirekebisha kosa, nikalipwa, nikanyamaza. Mpaka leo kitendo hicho kinanisuta.

Basi, nilipoanza kusoma historia ya jambo hili, nilishangaa kuona kwamba swali hilo hilo limekuwepo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1966 profesa mmoja wa MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Sehemu yake iliyovuma zaidi, DOCTOR, ilijifanya mtaalamu wa saikolojia. Haikuelewa lolote. Ilitafuta neno muhimu katika sentensi yako, ikabadilisha nafsi, kisha ikakurudishia kama swali. Ukiiambia kwa Kiingereza kwamba mume wako hakusikilizi, inakuuliza kwa nini unasema hakusikilizi. (Wanaprogramu wenzangu, jaribuni kuiandika kwa Kiswahili! Waingereza wanabadilisha neno moja na kuweka jingine. Sisi nafsi imejificha ndani ya kitenzi: "ananidharau" lazima ipasuliwe ndipo upate "anakudharau".)

Weizenbaum baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alisimulia kuhusu katibu wake. Huyu alikuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi mingi, alijua wazi kuwa ni mashine. Siku moja akaketi kuijaribu. Baada ya kuandikiana nayo mara chache tu, akamwomba bosi wake atoke chumbani.

Watu wengi wanakijua kisa hicho. Kisa kinachofuata hakijulikani sana, nacho kwangu ndicho kikubwa zaidi. Weizenbaum alipendekeza kuhifadhi mazungumzo yote ambayo watu walifanya na programu hiyo, tuseme kwa usiku mmoja, ili ayachunguze. Watu wakamjia juu. Wakamshutumu kwamba anataka kupeleleza mawazo yao ya ndani kabisa. Fikiria: mashine yenyewe haikuwa na tatizo, wangeweza kuimwagia moyo wote. Tatizo lilikuwa binadamu anayeweza kufungua faili baadaye.

Mwaka 1972, kwenye mtandao wa ARPANET ambao ndio ulizaa intaneti, DOCTOR ilikutanishwa na PARRY, programu ya daktari Kenneth Colby wa Stanford iliyoigiza mgonjwa mwenye kushuku kila mtu. Mashine mbili zikafanya kikao cha ushauri zikiwa pande mbili za Marekani. Mazungumzo yao yakachapishwa mwaka 1973 ili kila mtu ayasome. PARRY, maskini, hakuwa na wa kumlalamikia.

Binadamu halisi waliingia baadaye. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha "Dear Uncle Ezra", mahali ambapo wanafunzi waliuliza maswali kwenye tarakilishi za chuo bila kutaja majina, na mtaalamu akawajibu ili wengine nao wasome. Wasomaji wa Taifa Leo wataona mara moja kwamba huyu mjomba ni ndugu wa shangazi yetu wa gazetini. Siri ililindwa kwa njia rahisi kupita zote: jina halikuulizwa.

Mwaka 1994 Samaritans wa Uingereza walianza kuwajibu watu kwa barua pepe. Hawa walikuwa wakisikiliza watu waliokata tamaa kwa njia ya simu tangu mwaka 1953. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wataalamu kadhaa Marekani wakaanza kutoa huduma kwa malipo kupitia tovuti. Mwaka 1997 kikaundwa chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya akili mtandaoni, na mwaka 2000 kikatoa kanuni zake. Mteja ajue anazungumza na nani, ana sifa gani za kitaaluma, siri zake zinalindwaje, na akipatwa na hatari kubwa nani aliye karibu naye anaweza kumfikia. Zaidi ya miaka 20 imepita na sijaona orodha iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa nini watu wanafunguka hivi mbele ya kioo? Mwanasaikolojia John Suler alilieleza mwaka 2004: usipoonekana, na usipomwona mwenzako uso, breki za aibu zinalegea. Hiyo ndiyo nguvu ya ushauri wa mtandaoni. Ndiyo hatari yake pia, kwa sababu unayoyasema mbele ya mshauri yanapaa na upepo, lakini unayoyaandika yanabaki kwenye seva.

Ufini walijifunza hilo kwa uchungu. Oktoba 2020 ilijulikana kwamba mhalifu aliiba kumbukumbu za wateja wapatao 33,000 wa kampuni ya Vastaamo, iliyoendesha vituo vya tiba ya kisaikolojia. Zilikuwemo nukuu za vikao vyenyewe. Kampuni ilipokataa kulipa, mwizi aliwaandikia wateja mmoja mmoja akidai yuro 200 kwa bitcoin, la sivyo siri zao zingeanikwa. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na mwaka 2024 mshtakiwa alifungwa miaka sita na miezi mitatu. Wengi wa wateja hao walikuwa wamekaa na mshauri ana kwa ana. Hawakuwa wamechagua mtandao, ila nukuu zao zilikuwa huko.

Wakati mwingine hata mwizi hahitajiki. Mwaka 2023 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, FTC, iliiagiza BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa madai kwamba ilizipa kampuni za matangazo kama Facebook na Snapchat habari za wateja baada ya kuahidi kutofanya hivyo. Na sasa watu wanarudi kwa wajukuu wa ELIZA, programu za akili bandia. Mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alikiri mwaka 2025 kwamba mazungumzo hayo hayana kinga ya kisheria kama ya daktari au wakili.

Turudi nyumbani. Kenya tuna sheria mbili za kutusaidia. Ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Ya mwaka 2019, ya kulinda data, imeweka hali ya afya, hali ya ndoa na hata majina ya mke, mume na watoto katika kundi la habari nyeti. Lakini sheria haitakusaidia sana kama hujauliza.

Kwa hivyo nilimwandikia rafiki yangu maswali manne ya kuuliza kabla ya kulipa. Mshauri huyu amesajiliwa na bodi, na jina lake halisi ni nani? Nukuu za vikao zinawekwa wapi, na nani ana ufunguo? Zinafutwa lini? Kila mmoja akizungumza na mshauri peke yake, mwenzake ataambiwa nini? Nikaongeza la kwetu: ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe wenye jina la aliyelipwa unabaki kwenye simu yako, na simu ya nyumbani hushikwa na wengi.

Tovuti mbili hazikujibu kabisa. Ya tatu ilimtumia kurasa za masharti kwa Kiingereza cha mawakili. Mwishowe walimpata mama mmoja aliyesajiliwa. Anawaona kwa video kila Alhamisi usiku, harekodi chochote, na nukuu zake anaandika kwa kalamu kwenye daftari analolifungia kabatini.

Wamefanya vikao vitano. Wanaendeleaje? Sijui, wala sijauliza. Safari hii nimeamua kutofungua jedwali.

Haya, tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.