Mng'ao Usiofifia Kiooni

Usiku, mtu akisimama nyuma ya dirisha kwenye kilima cha Rebero, taa za Kigali hupenya kioo na kumfikia, huku balbu ya chumbani mwake ikiacha doa kali la mwanga juu ya kioo hichohicho. Jicho halioni tabu yoyote. Kompyuta iliona tabu kwa miaka mingi, maana mwanga na uwazi vilishughulikiwa na watu mbalimbali, kila kimoja kwa njia yake.

Upande wa mwanga, kazi kubwa ilifanyika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mwaka 1971 Mfaransa Henri Gouraud alionyesha namna ya kulainisha rangi kutoka ncha moja ya poligoni, yaani kipande bapa cha umbo, hadi nyingine. Mwaka 1973 Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, akaongeza hesabu ya lile doa la mng'ao. Phong alifariki mwaka 1975, angali kijana. Hesabu yake bado inafundishwa.

Kuhusu uwazi, mwaka 1972 Martin Newell, Dick Newell na Tom Sancha walipanga nyuso za vitu kwa umbali na kuchora za nyuma kwanza, ili kilicho wazi kipakwe juu ya kilichokwisha kuchorwa. Miaka michache baadaye, huko New York, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliipa kila pikseli namba ya nne, alfa: 0 haifuniki kitu, 1 inafunika kabisa.

Kasheshe ilianza viwili hivi vilipokutana. Tuseme kioo cha Rebero kina alfa 0.1, mng'ao wake ni 1, na taa za nyuma ni 0.5. Ukizidisha kila kitu cha kioo kwa alfa, mng'ao unabaki 0.1. Taa za nyuma zinachangia 0.45, jumla 0.55, na doa kali limekufa! Lakini kioo halisi, hata kiwe safi namna gani, hurudisha mng'ao wake.

Ufumbuzi ulipatikana katika makala ya mwaka 1984 ya Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm. Wao walihifadhi rangi ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa. Ni badiliko dogo lenye faida kubwa: rangi ya kioo hupunguzwa mapema, kisha mng'ao huongezwa mzima. Jumla ya 1 na 0.45 hupita 1, kikomo cha skrini, na doa linawaka jeupe. Mwaka 1996 wawili hao, pamoja na Catmull na Smith, walituzwa na Akademia ya filamu ya Marekani.

Mpangilio wa nyuma na mbele ulibaki kuwa mgumu, hasa vioo viwili vinapokatana. Mwaka 2001 Cass Everitt wa NVIDIA alieleza namna ya kubandua picha tabaka kwa tabaka, lakini kila tabaka hudai mandhari ichorwe upya. Ndiyo maana michezo mingi ya kompyuta bado humaliza kwanza kuta na ardhi, ndipo ichore vioo na moshi, cha mbali kikitangulia.