Dungu la Mizabibu

Katika sura ya 5 ya kitabu chake, Isaya anataja kazi za mwenye shamba la mizabibu kwa mpangilio ambao mkulima yeyote angeutambua: analima, anatoa mawe, anapanda, anajenga mnara, kisha ndipo anachimba shinikizo la kukamulia. Mnara unatangulia shinikizo. Bila mlinzi hakuna cha kukamua.

Tukisikia "mnara" tunawaza ngome au msikiti. Huu ulikuwa dungu tu, ila la mawe. Katika vilima vya kati ya Bethlehemu na Hebroni ipo minara ya aina hiyo hadi leo, imepangwa kwa mawe yaleyale yaliyotolewa shambani, bila udongo wa kuyashikamanisha. Chumba cha chini kilikuwa na ubaridi wa kuhifadhi mavuno. Juu kilisimamishwa kibanda cha matawi. Zabibu zilipoanza kuiva, familia nzima ilihamia huko kwa msimu wa kiangazi kuamia.

Waliamia dhidi ya nani? Zaburi ya 80 inamtaja nguruwe mwitu. Wimbo Ulio Bora unawataja mbweha, tena wakati mizabibu ingali katika maua, kwa hiyo hofu ilianza kabla hata tunda halijaonekana. Ndege walijulikana na kila mtu. Mpita njia, kwa upande wake, alikuwa na haki yake: Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inamruhusu kula zabibu za jirani hadi ashibe, mradi asitie chomboni. Mbweha hakupewa sheria kama hiyo.

Mlinzi mwenyewe ndiye anayesahaulika. Katika Wimbo huohuo kuna msichana aliyeunguzwa na jua kwa sababu kaka zake walimweka alinde mashamba ya mizabibu, na lake mwenyewe akashindwa kulilinda. Wahubiri hupenda kulifanya fumbo la roho. Mimi naona pia malalamiko ya kibarua, na aliyewahi kushinda juani akifukuza ndege kwenye mpunga wa mtu mwingine hahitaji kufafanuliwa.

Neno la Kiebrania linalotumika kwa kazi ya msichana huyo lina mzizi mmoja na *natur*, jina ambalo Wapalestina humwita mlinzi wa shamba. Kiarabu kilipata *natur* kutoka Kiaramu. Ndugu yake ndani ya Kiarabu chenyewe ni kitenzi cha kutazama, ambacho sisi tumekirithi katika "mandhari".

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza Battir, kijiji cha Palestina kusini-magharibi mwa Yerusalemu, katika Urithi wa Dunia kama mandhari ya kitamaduni ya mizeituni na mizabibu. Siku hiyohiyo kiliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani Israel ilikuwa na mpango wa kupitisha ukuta wa utengano katika bonde lake.