Matete ya kukausha uchafu wa choo: je, Lubumbashi inaweza?

Katika Lubumbashi, nyumba mingi hazina mfereji wa kupeleka uchafu wa choo mbali. Kila lupango iko na shimo ao fosi septiki yake. Ikijaa, wanaita kamio ya vidanje. Na kamio inaenda kumwaga wapi? Ikimwaga kwenye kijito ao porini, mayai ya minyoo na viini vya kolera vinarudi kwa watu, zaidi wakati wa mvua, maji yanapoingia visimani.

Kuna njia isiyotegemea umeme: kitanda cha matete. Wanachimba beseni, wanaziba chini maji yasiingie ardhini, wanalaza mabomba yenye matundu, halafu mawe, kokoto na mchanga. Juu wanapanda matete. Kamio inamwaga, maji yanapita chini, matope yanabaki yakikauka.

Wengi wanafikiri matete yanakula uchafu. Yanakula kidogo tu. Kazi yake kubwa ni mizizi, na shina zinazotikiswa na upepo: zinapasua matope, maji na hewa vinapata njia. Basi mchanga hauzibi haraka, na matope yanaweza kurundikana miaka kabla ya kutolewa. Kule Yaoundé, Kameruni, wachunguzi walijaribu mafunjo na nyasi za majimaji, zikakubali.

Shida ni nafasi. Mita mraba moja inaweza kupokea karibu kilo 200 za uchafu mkavu kwa mwaka. Kamio ya lita 10.000, yenye ukavu wa 2 kwa mia, inaleta kilo 200 kamili. Kamio moja kila siku inaomba mita mraba 365, bila kuhesabu vitanda vya kupumzisha. Katika Katuba ao Kenya, kiwanja cha namna hiyo ni cha kutafuta kwa taa. Pembeni ya mji kinaweza kupatikana.

Maji yanayotoka chini bado si safi. Yapite kwanza katika dimbwi ao kitanda cha pili, ndipo yafike mto Kafubu. Matope nayo yapumzike miezi isiyopungua sita, juu mayai ya minyoo ni magumu kufa.

Tena, hapa ni mji wa shaba. Matete hayaondoi shaba wala kobalti katika matope. Uchafu wa choo usichanganywe na wa mifereji ya barabara ao wa viwanda, na mbolea ipimwe katika laboratwari kabla ya kuwekwa kwenye shamba la lengalenga.